Mgonjwa wa akili katika foleni ya Kenani

Mwishoni mwa Agosti 2017, watu waliokuwa wakikimbia mapigano ya Pweto, Mitwaba, Moba na Manono walianza kuvuka kwa wingi kutoka Kongo na kuingia Mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia. Serikali ya Zambia na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, ziliwapokea Kenani, kituo cha mpito wilayani Nchelenge, upande wa Ziwa Mweru, na kabla ya mwaka kwisha idadi yao ilikuwa imepita 10,000, zaidi ya nusu wakiwa watoto. Januari 2018 wakaanza kuhamishiwa makazi ya Mantapala, katika wilaya hiyohiyo, ambako familia zilipewa viwanja na ardhi ya kulima. Habari zilizotoka huko miezi ile zilijaa malaria, kuhara, utapiamlo, uhaba wa maji na msongamano mabandani, na ilikuwa haki zijae hayo, maana ndiyo yaliyokuwa yakiua. Akili za watu zilipotajwa, zilitajwa zaidi kama jeraha la vita, jambo lililoanza siku bunduki zilipolia. Aliyekuwa akisikia sauti miaka mingi kabla ya bunduki hizo, aliyevuka mpaka akiwa ameshikwa mkono na ndugu zake, hakupata nafasi kubwa katika masimulizi hayo. Huyo ndiye ninayemzungumzia.

Maelezo tuliyoyazoea kuhusu kutengwa kwa wagonjwa wa akili ni kwamba watu hawajui. Wanadhani ni uchawi, ni mizimu, ni laana ya ukoo, ni utajiri uliotafutwa kwa mganga ukamgeukia mwenyewe. Kwa hiyo wanamkimbia mgonjwa, na dawa yake ni kuwapa elimu. Imani hizo zipo kweli, pande zote mbili za Mweru, kama zilivyopo Unyamwezini na Pwani, wala hakuna sababu ya kuona haya kuzitaja. Lakini nadhani maelezo haya yanaanzia mwisho. Mara nyingi mgonjwa hutengwa kwanza kwa sababu mpangilio wa maisha umefanya kuishi naye kuwe mzigo usiobebeka, na imani huja nyuma kuhalalisha kilichokwisha kutendwa. Ikiwa ndivyo, basi semina, mabango na nyimbo za uhamasishaji vitabadili kidogo sana mpaka mgonjwa apate matibabu, awe na nafasi inayotambulika ndani ya foleni, na awe na kazi ya kufanya mchana.

Kambi inaonyesha jambo hili kuliko kijiji, kwa sababu kambini kila kitu kina utaratibu ulioandikwa. Watu husajiliwa kwa kaya. Kila kaya ina mkuu wake, na mgao wa chakula, sabuni, mablanketi na baadaye kiwanja hufuata jina lake. Kila mmoja hutakiwa kufika mwenyewe, kupigwa picha, kueleza alikozaliwa, alikotoka na aliofuatana nao. Mgao hutolewa kwa foleni ya saa nyingi juani, maji kwa foleni, zahanati kwa foleni. Katika kituo cha mpito usiku nao ni wa pamoja: familia zisizojuana hulala chini ya turubai moja. Sasa mweke hapo mtu ambaye ugonjwa umemwondolea usingizi na anasema peke yake hadi alfajiri, au anayesahau jina la baba yake mbele ya karani, au anayeondoka kwenye mstari kila sauti inapomwita. Jirani aliyetembea siku kadhaa porini na watoto anataka kulala. Karani ana watu mia nyuma ya huyo. Na ndugu wa mgonjwa lazima amtoe mtu mzima mmoja wa kumlinda kutwa, mtu ambaye angetafuta kuni au kibarua. Hapo chuki haijaingia bado, wala mchawi hajatajwa. Ila baada ya wiki chache kaya hiyo itakuwa na sababu nyingi za kumficha mgonjwa wao, na majirani watakuwa na sababu nyingi za kushukuru.

Itasemwa kwamba UNHCR ina utaratibu wa kuwaandika watu wenye mahitaji maalumu, na wagonjwa wa akili wamo katika orodha hiyo. Ni kweli, na pasingekuwapo utaratibu huo hali ingekuwa mbaya zaidi. Lakini orodha humwandika aliyeletwa mbele yake. Mwenye mguu uliokatika huonekana, mjamzito huonekana, mzee huonekana. Mwenye huzuni nzito iliyomlaza mkekani hasumbui mtu yeyote, kwa hiyo haonekani. Na mwenye kichaa cha kelele amefichwa na ndugu wanaohofia kwamba akionekana, hesabu ya familia itaingia doa au safari yao ya kwenda Mantapala itacheleweshwa. Hofu hiyo inaweza kuwa haina msingi. Mkimbizi ambaye maisha yake yote yanategemea karatasi hana namna ya kuipima.

Wangapi wanahusika? Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani na watafiti walioshirikiana nalo walichapisha katika jarida la Lancet makadirio kwamba katika watu wanaoishi kwenye maeneo ya vita, mmoja kati ya watano hivi ana tatizo la afya ya akili kwa wakati wowote ule, na takriban asilimia 5 wana hali kali. Kwa watu 10,000 asilimia hiyo ni watu 500. Tuseme tunapunguza, maana Kenani ilijaa watoto na makadirio hayo ni ya jumla. Bado tunabaki na mamia. Na mamia hao si wa aina moja. Wengi wana sonona, hofu na kumbukumbu za vita zinazowarudia usiku. Wachache wana skizofrenia au maradhi ya hisia kupanda na kushuka. Pamoja nao, katika zahanati nyingi za Afrika, huja wenye kifafa, ugonjwa wa ubongo ambao jamii imeuweka chungu kimoja na wazimu, na wenye kuuugua huachwa waungue motoni kwa sababu watu wanaamini povu la mdomoni linaambukiza. Unyanyapaa wa hawa wote unaitwa kwa jina moja, lakini aliyelala mkekani amesahaulika, na anayepiga kelele amefukuzwa, na njia ya kuwarudisha haiwezi kuwa moja.

Nimesema elimu peke yake hubadili kidogo. Ushahidi mzito wa hili hautoki Luapula, unatoka Marekani, nchi iliyotumia fedha nyingi kuwaeleza raia wake kwamba maradhi ya akili ni maradhi kama mengine. Watafiti walilinganisha maoni ya Wamarekani ya mwaka 1996 na ya 2006. Waliokubali kwamba chanzo ni ubongo na kurithi waliongezeka sana. Waliokataa kuwa jirani wa mgonjwa, kufanya naye kazi au kumwozesha katika familia hawakupungua. Yaani watu walijifunza somo, wakafaulu mtihani, na wakaendelea kufunga mlango. Ukitafakari, si ajabu: kumwambia mtu kwamba ubongo wa jirani yake umeharibika kunaweza kumpa sababu mpya ya kuogopa badala ya ile ya zamani ya jini. Kilichoonekana kusaidia, katika tafiti nyingi zilizokusanywa na tume ya jarida la Lancet kuhusu unyanyapaa mwaka 2022, ni kukutana ana kwa ana na mtu aliyeugua ambaye anaendelea na maisha yake. Lakini ili mtu huyo awepo wa kukutana naye, lazima kwanza awe amepata nafuu. Na nafuu haishuki na bango.

Zambia yenyewe imeshaliona jambo hili, katika ugonjwa mwingine. Katika miaka ya 1990 kampeni za UKIMWI zilifika kila mahali, hata kwenye kambi za wavuvi za Kashikishi, kando ya Ziwa Mweru wilayani Nchelenge, na karibu kila mtu alijua jinsi virusi vinavyoambukizwa na kwamba haviambukizwi kwa kushikana mikono. Wagonjwa waliendelea kufichwa vyumba vya nyuma. Serikali ilipoanza kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi, na mwaka 2005 ikaondoa malipo, watu wakaanza kuona jambo ambalo kampeni hazikuwahi kuwaonyesha: aliyekuwa mifupa amerudi sokoni, amerudi ziwani, anadai na kudaiwa. Unyanyapaa haukwisha, na tafiti zilizofanywa Zambia miaka mingi baadaye bado ziliukuta. Ila ulipoteza nguvu yake kubwa, ile ya kumfanya mgonjwa awe maiti anayesubiriwa. Anayetaka kujua kwa nini mwenye skizofrenia bado anaogopwa Nchelenge kuliko mwenye virusi, ajiulize ni wangapi kati ya majirani wamewahi kumwona mwenye skizofrenia akipona. Na si kwamba dawa ni mpya au ni za kitajiri: klorpromazini na haloperidoli zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977. Hizo zina miaka mingi kuliko wengi wa wakimbizi wa Kenani.

Hapa kuna pingamizi ninaloliheshimu. Inasemwa kwamba kumwita mgonjwa mtu aliyeona nyumba yake ikichomwa na mwanawe akiuawa ni kumdhulumu mara ya pili; kwamba huzuni yake ni ya haki, na hakuna kidonge cha vita. Nakubali nusu yake. Huzuni nyingi za Kenani zilihitaji ndugu waliopotea wapatikane, watoto waingie shule, watu wawe na pa kusalia na pa kuwaombolezea waliozikwa bila matanga. Lakini nusu ya pili inakosea ikidhani kwamba msaada maana yake ni kidonge. Katika wilaya za Masaka na Rakai, Uganda, wanavijiji waliokuwa na sonona walikutanishwa katika vikundi vilivyoongozwa na watu wa kawaida waliofunzwa kwa muda mfupi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: baada ya vikao, waliobaki na sonona vikundini walikuwa takriban asilimia 7, na katika vijiji ambavyo havikupata vikundi zaidi ya asilimia 54. Miaka kumi baadaye, mwaka 2013, matokeo ya Kivu yalitoka: wanawake wa Kongo waliofanyiwa ukatili wa kingono walipata tiba ya mazungumzo ya vikundi kutoka kwa washauri ambao hawakuwa madaktari. Miezi sita baada ya tiba, asilimia 9 tu walibaki na dalili nzito za sonona au hofu, ilhali miongoni mwa waliopata msaada wa kawaida wa mtu mmojammoja walikuwa 42. Kivu si mbali na Moba, na Kiswahili cha huko kinaeleweka Mantapala. Hakuna aliyeambiwa kwamba huzuni yake ni ya uongo.

Pingamizi la pili ni la hofu, nalo husemwa kwa sauti ya chini: wengine ni hatari. Wapo, na kuwakana ni kupoteza imani ya msikilizaji. Mtu mwenye kichaa kisichotibiwa, hasa akichanganya na pombe au bangi, anaweza kumpiga mtu, na familia iliyomfunga kamba mara nyingi ilifanya hivyo baada ya kupigwa. Ila tukipima pande zote mbili, mizani inaelemea upande mwingine. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba mtu mzima mwenye maradhi ya akili yuko katika hatari ya kufanyiwa ukatili karibu mara nne ya mtu asiye na ulemavu. Katika kambi yenye giza, mwanamke anayetangatanga peke yake usiku hahitaji takwimu ya kueleza anachoweza kufanyiwa. Na hatari ile ndogo iliyopo hupungua kwa matibabu, haipungui kwa kufukuzwa, maana aliyefukuzwa ndiye aliyekosa wa kumpa dawa.

Je, basi dawa zinatosha? Hapana, na hoja yangu ingekuwa dhaifu kama nisingetaja utafiti unaoisahihisha. Nchini Ghana, katika kambi ya maombi ambamo wagonjwa walifungwa minyororo, watafiti waliwapa baadhi ya wagonjwa dawa huku maombi yakiendelea kama kawaida. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Waliopata dawa walipata nafuu ya dalili kuliko wenzao. Siku walizokaa kwenye minyororo hazikupungua. Akili ilitulia na mnyororo ukabaki, kwa sababu mnyororo ulikuwa sehemu ya utaratibu wa mahali pale, na hakuna aliyekuwa na jukumu la kuuliza kama bado unahitajika. Ndiyo maana nasisitiza mpangilio kuliko imani. Wachungaji na waganga wa kando ya Mweru si adui. Wengi wao ndio wa kwanza kumpokea mgonjwa, na kwa familia nyingi ndio pekee. Wakubaliane na zahanati kwamba maombi na sindano vinaweza kwenda pamoja, na kwamba kuna tarehe ya kumfungua mtu.

Mpangilio ukitengenezwa vizuri, makazi ya kilimo kama Mantapala yana faida ambayo hospitali kubwa haina. Mwaka 1954 daktari Thomas Adeoye Lambo alianzisha huko Aro, karibu na Abeokuta, Nigeria, utaratibu wa wagonjwa kuishi vijijini pamoja na ndugu zao, wakilima na kutibiwa bila kuzungushiwa ukuta. Tanzania nayo ilikuwa na vijiji vya wagonjwa wa akili vya kilimo, Vikuruti cha Dar es Salaam kikiwa kimojawapo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Zambia ilipowagawia Wakongo ardhi iliwatendea hivyohivyo, na ni sera ya kusifiwa ukilinganisha na nchi zinazowaweka wakimbizi nyuma ya uzio miaka 20 wakisubiri unga. Lakini jembe lilipewa kaya. Mgonjwa wa akili ndani ya kaya hubaki mgeni wa siku mbili maisha yake yote. Kumpa tuta lake la mihogo, au zamu ya kuanika chisense, dagaa wa Mweru, kwa mwenyeji wa kando ya ziwa, si tiba ya kupitishia muda. Ni kumpa kitu ambacho majirani watamhesabia. Hata msimu wa kufunga uvuvi, kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, ambao huacha mikono mingi bila kazi, ni msimu wa mvua, na shamba halifungwi.

Sheria imesogea mbele ya huduma. Zambia iliridhia mkataba wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2010, lakini iliendelea kutumia sheria ya kikoloni ya mwaka 1949 iliyowapanga wagonjwa wa akili kwa majina ya matusi. Mwaka 2017, mwaka uleule Kenani ilipofunguliwa, Mahakama Kuu katika kesi ya Mwewa na wenzake ilitamka kwamba kifungu cha 5 cha sheria hiyo kilikuwa kinyume cha Katiba. Sheria mpya ya Afya ya Akili ikapitishwa mwaka 2019, ikikataza ubaguzi na kutaka huduma zipelekwe hadi ngazi ya chini. Kifungu chake cha 4, hata hivyo, kinampa mgonjwa uwezo wa kisheria kisha kinaruhusu aupoteze pale ugonjwa unapohesabiwa kuwa umemwondolea uwezo wa kuamua, na watetezi wa haki wamekilalamikia, kwa sababu nzuri. Kwa mkimbizi, kunyimwa neno lake mbele ya karani kunaweza kumaanisha kukosa kiwanja, au kurudishwa Kongo na ndugu walioamua kurudi bila kumuuliza. Na Chainama Hills, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, iko Lusaka, karibu kilomita 1,000 kwa barabara. Mkimbizi anahitaji kibali hata kutoka nje ya makazi. Haki iliyo umbali huo ni ya kusomwa tu.

Linabaki swali la wenyeji, nalo ndilo gumu kuliko yote. Kwa nini Mkongo wa Mantapala apate mshauri na dawa ilhali mgonjwa wa Kashikishi amelala nyuma ya nyumba ya mama yake? Luapula imekwisha kupokea wakimbizi kabla: vita vilipoifikia Pweto mwishoni mwa mwaka 2000, maelfu walivuka, na kambi za Kala na Mwange, hii ya pili ikiwa katika Mkoa wa Kaskazini jirani, zilidumu karibu miaka kumi kabla ya kufungwa. Wenyeji wanakumbuka kwamba mashirika huondoka na magari yao. Jibu la haki ni kutojenga huduma ya wakimbizi kabisa. Zijengwe huduma za wilaya, ndani ya zahanati za serikali na hospitali ya misheni ya Mtakatifu Paulo, zikiwahudumia wote kwa daftari moja, na fedha za wakimbizi zitumike kulipa maafisa tabibu wa magonjwa ya akili, wale ambao Chainama imekuwa ikiwafunza kwa miongo mingi, wabaki Nchelenge hata Kenani ikibaki tupu. Mgonjwa wa Kashikishi na wa Moba wakikutana kwenye benchi lilelile wakisubiri sindano ya mwezi, kila upande utakuwa umemwona mgonjwa wa mwenzake akiwa ametulia, na hilo ni zaidi ya semina ngapi, sijui. Wafadhili hawaupendi mpango wa namna hii, kwa kuwa hauonyeshi vizuri katika ripoti ni mkimbizi gani aliyehudumiwa kwa shilingi ipi, na wizara huukubali kwa maneno hadi dawa zinapokwisha stoo na gari la dawa kutoka Mansa, makao makuu ya mkoa, halijafika. Kwa hiyo la kudai kwanza, kabla ya mshauri na kabla ya kampeni, ni kwamba klorpromazini, haloperidoli na dawa za kifafa ziingizwe katika oda ya kila mwezi ya zahanati ya Mantapala na za jirani zake, na mkuu wa afya wa wilaya aulizwe juu yake kama anavyoulizwa juu ya dawa za malaria.